KALORI HALISI: KWA NINI JASHO PEKE YAKE HALIPUNGUZI UZITO

Ndugu msomaji, kila askari anaijua tofauti iliyopo kati ya mshahara ulioandikwa katika barua ya ajira na mshahara unaofika mkononi mwisho wa mwezi. Wa kwanza ni mshahara ghafi, wa pili ni mshahara halisi, na katikati yake yamo makato. Mke mwenye busara hapangi matumizi ya nyumba kwa kuutazama ule ghafi, kwani akifanya hivyo deni la dukani litamkuta kabla ya tarehe ishirini. Lakini katika jambo la kupunguza uzito wengi wetu hupanga kwa hesabu ghafi, kisha hushangaa kuona mizani haiteremki.

Haya nimeyaona katika jamaa yangu mwenyewe. Kaka yangu ni sajini wa polisi. Alipokuwa kijana wa doria alikuwa mwembamba na mwepesi wa mbio, lakini tangu alipopewa kazi ya mezani alianza kunenepa kidogo kidogo, hata akafika kilo 90. Siku moja alikwenda zahanati kwa ajili ya maumivu ya kichwa, akaambiwa kwamba shinikizo lake la damu limepanda na kwamba, pamoja na kumeza dawa, hana budi kupunguza uzito. Jambo hilo halikuwa dogo nyumbani kwetu. Marehemu baba yetu, naye askari, alifariki kwa kiharusi kabla hajamaliza kujenga nyumba aliyokusudia kustaafia. Kaka alikuwa amebakiza miaka michache kufikia umri ule.

Basi akaanza mazoezi. Kila jioni baada ya kazi alitembea saa nzima, kutoka kambini mpaka njia panda na kurudi, akiwa na simu mfukoni iliyohesabu hatua zake. Hakukosa hata mvua iliponyesha. Baada ya miezi miwili alirudi kupimwa, na mizani ikaonyesha kilo 91. Aliporudi nyumbani alivivua viatu vya mazoezi, akavitupa chini ya kitanda, akamwambia mkewe kwamba mwili huu ni wa ukoo na haupunguki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuwasalimu. Shemeji yangu ni mwanamke wa daftari. Huandika kila kilichonunuliwa na kila kilicholiwa. Akaniambia, "Shemeji, wewe ni mwalimu wa hesabu. Hebu tutafutie kosa liko wapi." Tukaketi sote watatu, na kosa tukalipata. Nimeona yafaa niwashirikishe wasomaji hesabu hiyo, kwani naamini kaka si peke yake.

KALORI NI NINI?

Kalori tunayoisoma katika mambo ya chakula ni kipimo cha nishati: ni joto linalotosha kuongeza nyuzi moja ya Selsiasi katika kilo moja ya maji. Mmarekani Wilbur Atwater, mnamo miaka ya 1890, alijenga huko Connecticut chumba maalumu ambamo mtu aliweza kukaa kwa siku kadhaa huku joto la mwili wake likipimwa. Kutokana na kazi yake tunajua kwamba gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Pombe nayo hutoa 7 kwa gramu, jambo ambalo wanywaji wengi hawalijui.

Nishati inayozidi mahitaji huwekwa akibani kama mafuta ya mwili. Kilo moja ya akiba hiyo ni takriban kalori 7,700. Kwa hiyo, mtu anayepunguza kalori 500 kila siku atapoteza hapo mwanzo chini kidogo ya nusu kilo kwa juma. Si jambo la siku tatu wala la juma moja, na anayeuza dawa ya kumaliza kilo kumi kwa siku kumi anauza maneno.

Ili kujua mwili unahitaji kiasi gani, kuna kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1990 ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuikokotoa. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10. Zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25. Jumlisha hizo mbili, kisha toa umri wako mara 5. Mwanamume aongeze 5. Mwanamke atoe 161. Jibu ni makisio ya kalori ambazo mwili hutumia kwa siku hata ukilala tu kitandani: moyo kupiga, mapafu kuvuta pumzi, ubongo kufanya kazi.

Kaka alikuwa na kilo 90, urefu wa sentimita 172 na umri wa miaka 44. Hesabu yake ilikuwa 900 kuongeza 1,075, kutoa 220, kuongeza 5, ambayo ni 1,760. Kwa mtu wa kazi ya mezani tukazidisha kwa 1.4, tukapata kalori 2,464 kwa siku. Askari wa kwata na doria ndefu anaweza kuzidisha kwa 1.7. Lakini aangalie sana: akishazidisha kwa 1.7 amekwisha kuyahesabu mazoezi yake ya kazini. Asiyahesabu tena mara ya pili.

GHAFI NA HALISI

Sasa tulifikia penye kosa. Kila jioni simu ilimwambia kaka kwamba ametumia kalori 420 kwa kutembea. Kisha ile programu ikaongeza 420 hizo juu ya posho yake ya chakula ya siku, ikamwandikia kwamba bado ana ruhusa ya kuzila. Naye alizila kwa moyo mweupe, maana alizitolea jasho.

Tukaifanya hesabu upya. Vitabu vya elimu ya mwili husema kwamba mtu anayetembea mwendo wa kawaida, kama kilometa 5 kwa saa, hutumia takriban kalori 3.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa. Kwa kilo 90 hiyo ni 315, wala si 420. Tena 315 ni hesabu ghafi, kwani katika saa ile ile, hata kama kaka angeketi barazani, mwili wake ungetumia kalori kama 75 kwa ajili ya uhai tu, na hizo 75 zimekwisha kuhesabiwa ndani ya zile 2,464. Ukizitoa, kazi halisi ya kutembea ni kalori 240 hivi. Hayo ndiyo makato ambayo simu haikuyaonyesha.

Na je, baada ya kutembea alikula nini? Daftari la shemeji lilisema kweli. Karibu kila jioni alipita dukani penye njia panda, akanywa soda ya nusu lita na kula chapati moja. Soda ya kola ina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita ni kalori 210. Chapati ya gramu 60 za unga, iliyopikwa kwa kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, ni kalori kama 340. Jumla ni 550. Alitoka kambini akatumia 240, akarejea na 550. Ziada ya 310 aliibeba mwenyewe nyumbani, usiku baada ya usiku, huku akijihesabia faida.

Kaka alinyamaza kitambo, kisha akacheka. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe nimekuwa nikitembea kwenda kununua uzito."

WENGI HUKOSEA HIVYO HIVYO

Asione haya mtu aliyefanya kosa kama hilo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha habari za watu wanene kumi waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo. Walipopimwa kwa njia za kitaalamu, ilionekana kwamba miili yao ilikuwa ya kawaida kabisa, ila walikuwa wakikadiria chakula chao pungufu kwa karibu nusu, na mazoezi yao wakiyakadiria zaidi kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Walikuwa binadamu.

Hali kadhalika vyombo vyetu vya mkononi. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima aina saba za vyombo vya mkononi vinavyohesabu mapigo ya moyo na kalori. Katika mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri, lakini katika kalori hata kile kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kuliko vyote kwa asilimia 93. Basi simu na itumike kuhesabu hatua na kutukumbusha saa ya mazoezi, bali isipewe ufunguo wa ghala la chakula.

Kuna jambo jingine, nalo limetoka kwa jirani zetu. Wahadza wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, nao hutembea sana kila siku. Mwaka 2012 watafiti waliokuwa pamoja na Herman Pontzer walichapisha vipimo vya Wahadza 30. Wanaume walitumia kalori 2,600 hivi kwa siku na wanawake 1,900 hivi. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, hawakuwa wamewazidi watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Yaelekea mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama nyumba ibanavyo matumizi ya sukari baada ya kulipa karo. Wataalamu wangali wakijadiliana kuhusu kiasi cha kubana huko. Hata hivyo, fundisho kwetu ni wazi: kalori za mazoezi tusizitumie kabla hatujaziona katika mizani.

MAZOEZI BASI YANA KAZI GANI?

Asije mtu akasema kwamba gazeti limemruhusu kulala. Mazoezi huimarisha moyo, husaidia kushusha shinikizo la damu, huusaidia mwili kuitumia sukari, huleta usingizi mwema, na humlinda anayepungua asipoteze misuli badala ya mafuta. Tena, aliyekwisha kupungua huhitaji mazoezi ili uzito usimrudie. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na siku mbili au zaidi afanye kazi za kuimarisha misuli. Kaka hakuacha kutembea. Aliacha tu kujilipa.

VITA HASA IMO JIKONI

Shemeji aligundua kwamba sufuria ya mboga ya watu sita ilikuwa ikipikwa kwa vijiko vinane vya mezani vya mafuta, maana alimimina moja kwa moja kutoka katika dumu. Kijiko kimoja ni kalori 120. Vijiko vinane ni 960. Kila mtu alipata 160 za mafuta peke yake. Alipoanza kupima vijiko vitatu, kila mtu akapata 60. Hakuna aliyelalamika kuhusu utamu.

Chai nayo ilikuwa na siri yake. Kaka alikuwa akitia vijiko vinne vya sukari katika kikombe, na vikombe ni vitatu kwa siku. Kijiko kidogo kilichosawazishwa ni gramu 4, yaani kalori 16. Vijiko kumi na viwili ni kalori 190, karibu ya kutosha kufuta saa nzima ya kutembea. Akapunguza kijiko kimoja kila juma mpaka akabaki na kimoja kwa kikombe. Majuma mawili ya kwanza alisema anakunywa maji ya mvua; juma la tano akionja chai ya ofisini alisema ni asali.

Posho haikufukuzwa mezani, wala matoke. Unga wa mahindi wa gramu 100 una kalori kama 360, na maharagwe makavu ya uzito huo yana karibu kiasi hicho hicho, lakini maharagwe yana protini na nyuzinyuzi nyingi zaidi, hivyo hukaa tumboni muda mrefu. Shemeji alipunguza kipande cha posho kwa theluthi moja, akaongeza maharagwe kidogo na dodo nyingi. Sahani ilijaa vile vile. Karanga ni chakula chema, ila gramu 100 zake ni kalori 570 hivi. Za kutafuna mbele ya redio zapasa kuhesabiwa. Rolex ya mayai mawili hupita kalori 500 bila taabu, na bia ya nusu lita ni kalori 200 na kitu. Vyote hivyo si haramu kwa anayepungua, lakini viandikwe daftarini kabla ya kumezwa, si baada.

Na hapa nawasihi akina mama: watoto wasitiwe katika hesabu hii. Mtoto anakua, naye anahitaji mafuta na karanga zake. Shemeji alikuwa akipakua sahani za watoto kwanza, akiwaongezea mchuzi wa karanga, ndipo akampimia baba yao.

JINSI YA KUSOMA MIZANI

Pima uzito asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, ukiwa umevaa nguo zile zile. Usishtushwe na siku moja. Maji na chumvi na chakula kilichomo tumboni huweza kuusogeza uzito kilo moja au mbili bila mafuta kuongezeka hata kidogo. Mwenye mizani nyumbani aandike kila siku na atafute wastani wa juma. Asiye nayo apime zahanati mara moja kwa majuma mawili, siku ile ile na saa ile ile. Utepe wa fundi cherehani nao ni shahidi mwema: pima kiuno.

Baada ya majuma manne, hukumu ni ya mizani. Ikiwa wastani unashuka, hesabu yako ni sahihi. Ikiwa umesimama, basi popote kosa lilipo, kwenye sufuria au kwenye simu, kalori halisi unazokula ni sawa na unazotumia, na huna budi kupunguza kidogo tena. Kumbuka pia kwamba mwili uliopungua huhitaji kidogo kuliko ulivyohitaji mwanzo. Kaka alipofika kilo 82, ile 2,464 yake ilikuwa imeshuka hadi 2,352, na kutembea kwenyewe kulimgharimu nguvu pungufu. Ndiyo maana mwendo hupungua kasi. Si uchawi, wala si ukoo.

WASIOPASWA KUJIPUNGUZA

Mama mjamzito asifanye mambo haya. Anayenyonyesha anahitaji kalori kama 500 zaidi kwa siku katika miezi ya kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa, na mwenye ugonjwa wa figo au moyo, aonane na mganga kwanza. Mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila usimamizi wa mganga; na kwa askari anayekwenda mafunzoni kubeba mzigo mzito, huo si wakati wa kujinyima. Zaidi ya yote, mtu anayepungua bila kukusudia asifurahi. Aende zahanati upesi, kwani kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na kisukari huanza hivyo.

Jambo hili la mwisho lina uchungu wake katika nchi yetu ya Uganda. Wazee hawajasahau miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoitwa kwa jina la "slim" kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha watu, na tangu wakati ule kukonda kumekuwa na maana mbaya machoni pa majirani. Mama yetu mzazi alipokuja kutoka kijijini, akamwona mwanawe kaptula zimelegea, hakusema neno mpaka usiku. Kisha akamwita kando akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unakula? Nieleze kweli, mimi ni mama yako."

Kaka akaleta daftari la mkewe na kadi ya zahanati, akaketi mkekani karibu naye, akamsomea: kilo 91, kilo 89, kilo 86, kilo 82. Tena akamsomea namba za shinikizo la damu jinsi zilivyokuwa zikishuka mwezi hata mwezi. Mama hakujua kalori, wala halisi, wala ghafi. Lakini aliijua kadi ya namna ile, kwa kuwa ndiye aliyeitunza kadi ya baba yetu, ambayo namba zake zilikuwa zikipanda. Aliishika mkononi kwa muda, kisha akairudisha na kusema, "Basi kesho mkitembea mnichukue nami mpaka njia panda."

Ndugu msomaji, leo usiku chukua daftari la watoto lililobaki kurasa chache. Andika uzito wako, urefu wako na umri wako, na uifanye ile hesabu. Kesho andika kila kinachoingia kinywani, pamoja na sukari ya chai. Tembea, kimbia, piga kwata, lakini usijilipe kwa chakula jasho ambalo mizani haijalithibitisha.